Vikope Kongwa: mdudu katoka, uvimbe umebaki

Pindua kope ya juu ya mtoto wa Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, aliyemeza dawa ya vikope, azithromaisini, wiki kadhaa zilizopita. Unaweza kukuta vijipele vitano au zaidi, kila kimoja kikifika nusu milimita, na hapohapo kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba, kisione klamidia yoyote, yaani bakteria anayeleta vikope. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto huyo bado anahesabiwa kuwa na trakoma, jina la kitaalamu la vikope. Bakteria hayupo, uvimbe unachochewa na nani?

Wapo wanaosema tuanze na vipokezi. Seli za utando wa ndani wa kope zina vipokezi vya Toll (TLR kwa kifupi), kazi yake ni kunusa molekuli za bakteria. Lipoprotini za klamidia hunaswa na TLR2, na lipopolisakaraidi yake, molekuli ya gamba la nje la bakteria, hunaswa na TLR4. Ishara hupitia protini ya MyD88, protini nyingine, NF-kB, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe, na seli humwaga kemikali ya intalyukini-8 inayoita nyutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Nyutrofili huja na vimeng'enya kama MMP-9 vinavyokatakata tishu. Kidonda kikijifunga, kovu huvuta kope, na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha jicho. Ajabu ni kwamba lipopolisakaraidi ya klamidia ni goigoi: huamsha seli za damu kwa nguvu pungufu takriban mara 100 kuliko ile ya bakteria wa Salmonella. Mdudu huyu hunyata, pengine ndiyo sababu mama huona matongotongo tu, wala si homa.

Wengine wanalaumu kumbukumbu ya kinga, yaani mwili uliowahi kumjua mdudu huvimba kwa ukali ukikutana na protini zake tena. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba simbilisi waliowahi kuugua klamidia ya jamii yao huvimba macho wakidondoshewa protini yake ya Hsp60, bila bakteria hai. Wasiowahi kuugua hawakuvimba.

Hapa pana mtego. Hsp60 ya maabara mara nyingi hutengenezwa ndani ya bakteria wa E. koli, na lipopolisakaraidi ya E. koli huambatana nayo. Ukiimwaga juu ya seli, TLR4 ikaamka, umepima nini? Gawa sampuli. Sehemu moja ichemshwe: protini huharibika, lipopolisakaraidi huvumilia. Nyingine itiwe dawa ya polimiksini B, inayozima lipopolisakaraidi na kuiacha protini. Vyombo vya glasi vikaushwe kwa nyuzi 250 kwa dakika 30, maana otoklevu (chombo cha mvuke wa kuua vijidudu) ya nyuzi 121 huua bakteria lakini haiondoi lipopolisakaraidi yake. Madai mengi kwamba Hsp60 huamsha TLR4 moja kwa moja yalilegea kwa kasoro hii. Jaribio la simbilisi haliangushwi nayo kirahisi, kwa kuwa makundi yote mawili yalidondoshewa protini ileile.

Kwa maoni yetu, upande wa vipokezi una hoja nzito zaidi kwa sababu ambayo wabishani wengi huiruka: vipokezi havichagui klamidia. Bakteria wengine, nimokokasi na hemofilasi, wanaojaa kwenye matongotongo na kamasi, wana molekuli zao za kuamsha TLR2 na TLR4. Klamidia ikishaondoka, hao wanaweza kuendelea kuchokonoa kope iliyokwisha kujeruhiwa. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 unaelekea huko: vijiji vilivyohamasishwa kuosha nyuso baada ya mafuta ya macho vilikuwa na wagonjwa wachache wa trakoma kali kuliko vilivyopewa mafuta peke yake. Hata hivyo wa kumbukumbu nao wana haki ya kuudai ushahidi huo, kwa vile uso safi hupunguza pia maambukizi ya kurudiarudia, na bila kurudiarudia kovu ni nadra.

Kwa mgawa dawa, tofauti inaonekana hivi. Azithromaisini hutolewa miligramu 20 kwa kilo, isizidi gramu 1, mara moja kwa mwaka. Wenye umri chini ya miezi 6 hupakwa mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Mizunguko huamuliwa kwa kiwango cha wilaya, na lengo ni vijipele kushuka chini ya asilimia 5 kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9. Kurudia dozi kwa mtoto mmoja kwa kuwa tu vijipele havijapotea ni kumfukuza mdudu aliyekwisha kutoka, huku nimokokasi sugu wakipata nafasi. Kikombe cha maji ya kunawa uso asubuhi na jioni kitamfaa zaidi, hata mwezi wa kumi visima vikiwa vimekauka.