Dee naye asikilizwe

Kila ukianza mjadala wa hadithi fupi za Kimarekani ukagusa "Everyday Use" ya Alice Walker, ile ya 1973, hukumu inatoka fasta: Dee mbaya, Maggie mzuri, mama katenda haki, next. Mi naona huyu binti tumemfunga bila kumsikiliza, na nikimweka karibu na kaka mtu wa kwenye "Sonny's Blues" ya James Baldwin (1957) ndo naona kabisa kwamba hawa wawili tunawapimia mizani tofauti.

Kwa ambaye hajaisoma: mama mmoja wa shamba kusini mwa Marekani, mikono migumu, nguruwe anachinja mwenyewe, anamsubiri bintiye Dee aliyekwenda kusoma. Mdogo mtu, Maggie, ana makovu ya moto tangu nyumba yao ilipoungua na watu anawaogopa. Dee anafika na jamaa yake, kabadili jina sasa anaitwa Wangero, anapiga picha akihakikisha na nyumba inaonekana, anaomba vyombo vya kusukia maziwa akaviweke kama pambo, mwishoni anataka mablanketi mawili ya viraka yenye mkono wa bibi yao. Mama alishamuahidi Maggie akiolewa. Dee analalamika kwamba Maggie atayatumia kila siku hadi yaishe, mama anamnyang'anya, anampa Maggie, imeisha hiyo.

Wanaomshtaki Dee wana hoja nzito. Alipoenda koleji mama alitaka kumpa blanketi moja akakataa, eti la kizamani. Hela ya shule ilitoka kwa mama na kanisa. Kwa Maggie, badala ya pole anatoa ushauri kwamba ajitahidi awe mtu. Na sisi wa huku tunaongeza letu, maana hilo jina la Wangero linasikika kama la Kikuyu lililoandikwa na mtu aliyelisikia mara moja, salamu yake nayo ni ya Kiganda, basi tunasema huyu Afrika yenyewe haijui. Ni kweli haijui, lakini angeijulia wapi? Watu wake walipelekwa kule wakavuliwa majina. Mama analifuata jina la Dee kwa shangazi, bibi, mama wa bibi, anasema angeweza kulifikisha hata kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na ukifika huko unakutana na utumwa. Binti anasema hawezi kuendelea kubeba jina la waliomkandamiza. Unaweza usipende alivyolisema lakini uongo hapo hakuna.

Sasa kuna kitu huwa tunakiruka. Dee anasema ndani ya miaka mitano, tena hata chini ya hapo, yale mablanketi yatakuwa matambara. Miaka mitano. Katikati ya vile viraka kuna kipande kimoja cha bluu iliyopauka, kidogo kama kiberiti, kilichokatwa kwenye sare aliyovaa babu yao mkubwa Ezra vitani. Vita ile ni ya 1861 hadi 1865, na bluu ndo rangi ya jeshi la kaskazini. Kwa hiyo kitambaa kina zaidi ya miaka 100, kimepita mikononi mwa wanawake ambao wengi wao hakuna aliyewahi kuandika hata jina lao kwenye kitabu, na pengine ndo kitu pekee duniani kinachothibitisha kwamba Ezra alikuwepo na alivaa ile sare. Mama anasema yakichakaa Maggie atashona mengine, anajua kushona. Sawa, atashona, na vizuri tu, lakini atashona na sare ya nani? Mi kila nikifika hapo nashindwa kumuona Dee ni wa ovyo, namuona ndiye pekee mle ndani anayeogopa kile kipande kisiishie kwenye beseni la kufulia.

Halafu angalia Walker mwenyewe. 1974, mwaka mmoja tu baadaye, anaandika insha kuhusu mama zao na bustani zao, na mle anazungumzia blanketi la viraka lililotundikwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, ambalo anasema limeshonwa na mwanamke mweusi wa Alabama asiyejulikana jina miaka kama 100 nyuma. Analisifu mno. Lingekuwa la kujifunikia kila usiku Walker angelikuta? Kuna mtu alilitundika, yaani alifanya kilekile tunachomlaumu Dee.

Turudi kwa Baldwin. Yule kaka ni mwalimu wa aljebra Harlem, mtaa wa watu weusi New York, alimuahidi mama yake hatamwacha mdogo wake, Sonny. Sonny anamwambia anataka kupiga jazi, anamtaja Charlie Parker, gwiji wa saksofoni, kaka hata hamjui. Sonny anakamatwa kwa heroini, kaka anasoma kwenye gazeti akiwa kwenye treni, barua haandiki muda mrefu mpaka binti yake mwenyewe Grace anakufa kwa polio. Ni baridi kuliko ya Dee hiyo. Ila tunamsamehe kwa sababu yeye ndo msimuliaji, anapata nafasi ya kujieleza, anapewa na usiku mzima klabuni kumsikiliza mdogo wake akipiga piano. Dee hana hata ukurasa mmoja wa kwake. Chukua siku ya moto: kasimama mbali chini ya mti, uso umekaza, anatazama ubao wa mwisho ukianguka. Mama anatamani amuulize mbona hachezi kuzunguka majivu, alivyoichukia ile nyumba. Nasi tunabeba kwamba Dee alifurahi! Mtoto anatazama nyumba yao inateketea, hajasema neno, na furaha tumemvalisha sisi kupitia mawazo ya mama.

Kinachonitikisa kweli ni Maggie, anaposema mpe tu, mimi bibi namkumbuka bila mablanketi. Hapo Dee hana jibu, na kusema ukweli hata mimi sina, maana Maggie kabeba urithi mikononi, alifundishwa kushona na bibi mwenyewe na shangazi. Na ahadi ni ahadi, mama hakuwa na haki ya kuivunja.

Lakini mablanketi yalikuwa mawili na mabinti wawili, na mama alichompa Dee ni ruhusa ya kuchukua mengine yale ya kawaida. Ningekuwa mimi ningemuomba Maggie abaki na moja ajifunike na mumewe hadi liishe, na lile lenye kipande cha Ezra amwachie dada yake akalitundike ukutani.