Usilifukuze tone la mwisho la ute kwenye sikio la mtoto

Kumwekea gromiti, yaani kijibomba kidogo cha kupitishia hewa kwenye kiwambo cha sikio, mtoto mwenye ute nyuma ya kiwambo hicho ni kazi fupi. Mtoto akishapewa nusukaputi, daktari anasafisha nta chini ya hadubini, anachanja kiwambo sehemu ya mbele chini, ananyonya ute kwa mrija, kisha anapachika gromiti. Kwa maoni yangu, kati ya hatua hizo, kunyonya ndiko kunakofanywa kwa mazoea mno, na ndiko kunakohitaji kubanwa.

Ncha ya mrija ikiwa imezama ndani ya ute hailii sana. Kelele huzuka pale hewa na ute vinapopita pamoja, ule mkoromo, au ncha inapoziba nusu na kuanza kupiga mluzi. Vipimo vilivyochukuliwa ndani ya tundu la sikio vimekuta kelele inayopita desibeli 90, na vilele vyake huweza kuvuka 100. Kwa wafanyakazi, NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Kikomo hicho kiliwekwa kwa watu wazima walio macho. Mtoto aliye usingizini amepungukiwa hata kinga yake ya asili, maana dawa za usingizi hudhoofisha ule msuli mdogo unaokaza mifupa ya sikio sauti kubwa inapoingia.

Hii si sababu ya mzazi kukataa gromiti. Kunyonya kwa kawaida ni suala la sekunde, pengine dakika chache, na usikivu ukishuka kwa kelele ya namna hiyo mara nyingi hurudi. Ute wenyewe humwibia mtoto desibeli 25 hadi 30 kila siku, darasani na nyumbani. Ila dozi ya kelele inaweza kupunguzwa bila gharama yoyote, basi ipunguzwe.

Wengi watasema dawa ni mrija mwembamba. Ni kweli kwa ute mwepesi: saizi 3, yenye upana wa milimita 1, inatosha. Kwa ute mzito unaovutika kama gundi, mrija huo unaziba, unapiga mluzi, unatolewa, unasafishwa, unarudishwa, na mwishowe sikio limekula kelele ndefu zaidi. Hapo ni heri saizi 5, milimita 1.7 hivi, iwekwe mdomoni mwa mchanjo bila kuisukuma ndani, kwa mivuto mifupi, huku kidole kikiachia tundu la pembeni la mrija kila ute unapokatika. Ute ukigoma, tone la maji ya chumvi yenye joto la mwili huulainisha. Yakiwa baridi yanaweza kuchokoza sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili. Njia nyingine ni mchanjo wa pili mdogo, ili hewa iingie huku ute ukitoka. Kuipitisha ncha ndani ya sikio la kati kwa kupapasa ni hatari zaidi ya kelele, kwani ikigusa mifupa midogo, mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye koklea, yaani kiungo cha kusikia cha sikio la ndani.

Na ukibaki ute kidogo? Uache. Gromiti ikikaa vizuri hewa inaingia, na mabaki hupungua yenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni upimaji. Mara nyingi mtoto mwenye ute hupimwa kwa njia ya hewa pekee, yaani kwa sauti inayopitia tundu la sikio, na matokeo yake hayasemi lolote la kuaminika kuhusu koklea, kwa kuwa ute umeziba njia. Kabla ya upasuaji apimwe pia kwa njia ya mfupa, yaani kwa mtetemo unaopita kwenye fuvu, hadi hezi 4000, akiwa na umri wa kuweza. Baada ya wiki chache apimwe tena kwa njia ya hewa hadi hezi 8000, sikio kwa sikio, kwa sababu madhara ya kelele huanzia kwenye sauti nyembamba, ambazo mzazi hawezi kuzitambua kwa kumwita mtoto jina. Kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachofanywa kwenye usingizi uleule, mara tu baada ya kunyonya, kisitumike peke yake kuamua kwamba mtoto ni kiziwi. Damu, mabaki ya ute na kelele iliyotoka kupita vinaweza kushusha matokeo. Kirudiwe sikio likishatulia, ndipo azungumziwe habari za mashine ya kusikia.