Walker mlimkata, pitcha je?

Kila ikitajwa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver, Marekani, lazima atokee mtu aseme namba za wapigaji kwenye uwanja wao wa Coors Field hazina uzito, na kusema ukweli mi sikatai kwamba uwanja ule unambeba mpigaji. Denver iko juu kama mita 1,600, inakaribia Nairobi, hewa nyepesi, mpira ukipigwa unaenda tu kama hautaki kushuka. Wenyewe walihofia hom ran (mpira unaopigwa ukavuka uzio) wakaweka uzio mbali, sasa eneo la nyuma limekuwa pana mno, mipira kibao inadondoka pasipo na mtu. 2002 wakaanza kutunza mipira kwenye chumba chenye unyevu isikauke, ikasaidia kiasi.

Sawa. Ila Larry Walker, mpigaji wao wa zamani, kasota kwenye kura miaka 10, kaingia Hall of Fame (jumba la magwiji wa besiboli) 2020 mlango ukikaribia kufungwa, na hoja kubwa ya kumkataa ilikuwa hiyohiyo Coors, wakati 1997 alipochukua MVP (tuzo ya mchezaji bora) alipiga hom ran 49 na 29 kati ya hizo kapiga ugenini!

Sasa kinachonikera ni hii hesabu ya upande mmoja. Mpigaji mnampunguzia, pitcha (yule anayemrushia mpira) mbona hamumwongezei? Hewa ileile inayoupeleka mpira mbali ndo inamharibia pitcha kazi, maana mpira wa kupinda unapinda kwa kusukumana na hewa, na pale hewa ni kidogo, kwa hiyo unanyooka unamfikia mpigaji kama chai na maandazi. Pitcha Mike Hampton alisaini Rockies kwa dola milioni 121 kwa miaka 8, msimu wake wa kwanza pale, 2001, ERA yake (yaani wastani wa ran, ndo pointi, anazofungwa kwa ining 9, ikiwa ndogo ndo nzuri) ikawa 5.41, uliofuata 6.15, na watu wanamcheka mpaka leo. Afu cha ajabu 2001 hiyohiyo yeye pitcha akapiga hom ran 7, jamani uwanja gani huu.

Ndo maana mi namkubali sana Kyle Freeland, pitcha wa Rockies, mtoto wa Denver kabisa. 2018 alimaliza na ERA 2.85, na akiwa nyumbani, hapohapo Coors, 2.40. Niwekee pembeni pitcha mwenye 2.00 kule pwani ya San Diego, mi nachukua ya Freeland na usingizi napata.