Nobel ilimruka Kagan, tuzo ya Noyori ikaanza naye

Kila Oktoba Nobel ya kemia ikitangazwa mtandao unawaka siku mbili, halafu kimya. Mimi siku hizi nafuatilia zaidi zile tuzo ndogo ambazo magazeti hayana habari nazo, na kipenzi changu ni Tuzo ya Ryoji Noyori, yenye jina la mwanakemia wa Japani, chama cha wanakemia wa usanisi wa ogani cha Japani (watu wa kutengeneza molekuli za kaboni) wanaitoa kila mwaka. Dola 10,000, basi. Mbele ya Nobel hiyo ni hela ya nauli, lakini angalia walianza na nani.

Kwanza weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Vidole idadi sawa, ila dole gumba limeenda upande wa pili. Molekuli nyingi za kaboni ziko hivyo, atomi zilezile, zimeungana vilevile, ila moja ya kulia nyingine ya kushoto. Utasema si kitu kimoja tu hicho? Nusa karvoni basi, moja inanukia nanaa, pacha wake ananukia kisibiti! Pua inajua. Mwili nao unajua, ndo maana dawa ya L-DOPA inamsaidia mgonjwa wa Parkinson na pacha wake hamsaidii. Shida ni kwamba ukipika kwa njia ya kawaida unapata nusu kwa nusu.

Kumpata pacha mmoja tu ndo ilikuwa kazi. 1968 mwanakemia Mmarekani William Knowles alionyesha inawezekana, japo pacha mmoja alimzidi mwenzake kidogo sana. 1971 akaja Mfaransa Henri Kagan na DIOP, molekuli msaidizi inayoshika metali ya kuchochea mmenyuko, kaitengeneza kutokana na asidi ya tartariki, ile inayopatikana kwenye zabibu, yaani fosforasi mbili zinabana atomi ya rodiamu, ndo metali yenyewe, kama koleo na molekuli ikija pale inalazimika kukaa upande mmoja. Matokeo yakapanda ghafla. Hata BINAP ya Noyori ya 1980, iliyompa umaarufu, nayo ni koleo la fosforasi mbili.

Sasa 2001. Tuzo ya Wolf ya kemia, tuzo kubwa ya Israeli, inaenda kwa Kagan, Noyori na Mmarekani Barry Sharpless. Mwaka huohuo Nobel inaenda kwa Knowles, Noyori na Sharpless. Umeona aliyedondoka? Sina ugomvi na Knowles, yeye ndo aliipeleka hii kitu kiwandani kutengeneza L-DOPA, na alistahili kabisa. Ugomvi wangu ni na hii sheria ya Nobel ya mwisho watu watatu, eti wa nne hata kama kazi yake imesimama katikati ya hadithi anabaki nje ya mlango, na hapo nusu ya hela Sharpless alichukua peke yake.

2002 chama cha Japani kikaanzisha tuzo kwa jina la Noyori, kusherehekea Nobel yake na miaka 60 ya chama. Mshindi wa kwanza: Kagan. Wapo watakaosema ni kufutana machozi tu. Sawa, lakini waliomchagua ni watu wa fani, wanaoshika chupa za maabara kila siku, na wao hawakuwa na shida ya kuhesabu mpaka nne.

2022 Sharpless akapata Nobel ya pili. Bana, nilimpongeza, ila jina lililonijia kichwani siku ile lilikuwa la Kagan.