Tumbo la ukuta wetu

Kwetu Kimara ni mteremko mtupu. Jirani wa juu akifua, maji ya sabuni yanapita kwetu kusalimia kabla hayajaendelea na safari. Ndiyo maana Baba, kabla hata ya kuinua nyumba, alianza na ukuta wa kuzuia kilima cha jirani kisihamie sebuleni. Tofali za bloku za inchi 6, zimelazwa, kimo cha kunizidi mimi. Chini fundi akapitisha vipande vya bomba la inchi 2 ili maji yanayojikusanya nyuma yawe na pa kutokea. Miaka yote ukuta ule umekaa bila rangi na hakuna aliyekufa.

Ikaja posa yangu. Barua ikajibiwa, upande wa pili wakataka kuleta mahari haraka, tarehe ikaangukia Aprili, masika yamepamba moto. Shangazi aliguna, lakini Baba mawazo yake yalikuwa kwenye ukuta.

"Watu watoke Kariakoo waje kutazama matofali?"

Akaitwa fundi rangi. Yule kijana aliupapasa ukuta, akakwangua ule unga mweupe wa chumvi kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Mzee, huu una udongo mgongoni. Unakunywa maji kwa nyuma, unayatolea mbele. Ukiuziba kwa rangi, maji yataisukuma. Subiri kiangazi ukauke, tusugue chumvi, tupige chokaa. Chokaa inauacha upumue."

Baba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. "Upumue? Una mapafu?"

Fundi akaenda zake. Baba akaenda hadiwea, na huko muuzaji akamwonyesha rangi ya mpira, ile ya kupaka juu ya mapaa ya zege. Alichukua kipande kilichokauka, akakivuta, kikarefuka bila kukatika. Basi, Baba akaoa hapo hapo. Ndoo ya lita 20, rangi ya krimu. Alipaka mwenyewe kwa rola, koti juu ya koti, na lazima niseme ukweli, ukuta ulipendeza.

Kikapita kimvua cha jioni. Asubuhi kila bomba lilikuwa limechora mchirizi mwekundu wa udongo juu ya krimu. Baba hakusema kitu. Alikoroga simenti na mchanga, akaziba bomba zote.

"Sasa maji yatapita wapi?" Mama akauliza.

"Yatarudi yalikotoka."

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza mvua kubwa, na safari hii hawakukosea. Kwanza kilitokea kivimbe cha kiasi cha kiganja, karibu na mwembe. Kikapata wenzake. Vikaungana. Siku ya wageni tunaamka, rangi imeachana na tofali kipande kizima, imening'inia mbele, imejaa maji. Niliigusa: baridi, nzito, ukibonyeza huku inatokeza kule, na ndani unasikia maji yanahama. Jirani wa juu alichungulia, akacheka mpaka akashika mti.

"Mwalimu! Ukuta wako una mimba!"

Watoto wa dada wakalidaka neno. Baba akatoa amri mbele yao wote: tumbo lisiguswe, lifunikwe kwa khanga, lisionekane mpaka wageni waondoke.

Wageni walichelewa. Jangwani maji yalikuwa yamefunga barabara, ikabidi wazungukie Buguruni, washike Mandela mpaka Ubungo. Wakafika wamenyong'onyea, isipokuwa mshenga wao, mzee mmoja kanzu nyeupe pe, koti, bakora mkononi. Mimi nilikuwa chumbani nimevalishwa dera. Shangazi ndiye aliyechagua dera. Kumbukeni hilo.

Shangazi yao, katika kutafuta mazungumzo, akamvuta mpwa wangu mdogo. "Bibi harusi wetu yuko wapi?"

"Yuko ndani. Babu amesema tumbo lisionekane mpaka muondoke."

"Tumbo gani, baba?"

"Kubwa. Lilianza dogo. Saa hizi limefungwa khanga. Likiguswa litapasuka."

Chumbani nilisikia sebule nzima imekufa ganzi. Hata vijiko viliacha kugonga sahani. Kisha sauti ya yule mama, tamu kupita kiasi: "Hebu mwiteni mwari tumsalimu."

Nikatoka, nimeinamisha macho kama nilivyofundishwa, kwa hiyo nilichokiona ni viatu vyao tu. Lakini macho yao niliyasikia yakitua kwenye dera, usawa wa kitovu. Na pilau nilikuwa nimeshaionja jikoni, sahani nzima.

Mshenga akakohoa. "Mwalimu, sisi ni watu wazima. Kama kuna jambo, bora tuambiane mapema."

Baba akashusha pumzi. "Mmeshaambiwa, sivyo? Aibu kweli. Lipo. Yule kijana fundi rangi alinionya tangu mwanzo, nikambishia."

"Fundi rangi!" Shangazi yao akajishika kifua.

"Lakini si jambo la kuharibu shughuli. Mvua zikiisha tunalitoboa."

"Astaghfirullah! Mnalitoboa?"

"Hata leo mkitaka. Msumari mmoja tu."

Mama ndiye aliyeshtuka wa kwanza wanazungumza vitu viwili. Alitoka jikoni na mwiko mkononi akipiga kelele, "Ukuta! Ukuta jamani! Tumbo la ukuta!" Hakuna aliyeelewa, ikabidi ukumbi wote uhamie uani, na Baba mwenyewe akaivuta khanga.

Mshenga alilitazama lile tumbo la krimu. Akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia la simenti. Akasogea karibu, akainua bakora, na kabla Baba hajamaliza kusema "mzee usi...", akalidonoa.

Maji mekundu ya kilima kizima cha jirani yalishuka juu ya kanzu ile. Kisha rangi yenyewe, kwa vile ni ya mpira na haikatiki, ikabanduka kuanzia juu na kumfunika mzee kichwa na mabega. Tulimtoa humo taratibu, koti limekunywa udongo, kofia hatukuipata.

Fundi rangi, aliyekuwa amealikwa pilau kama jirani mwingine yeyote, aliweka sahani chini, akafuata nondo na nyundo. Alizibua bomba moja baada ya jingine, na kila moja lilitema maji hadi katikati ya uwanja. Akafuta mikono. "Sasa unapumua, mwalimu."

Mahari ilijadiliwa mshenga akiwa amevaa msuli wa Baba na fulana ya Mei Mosi. Alijadili kwa ukali usio wa kawaida. Mkaja wa mama ulibaki, ila kilemba cha baba kikafutwa kufidia kanzu, na Baba, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakubishana na hesabu ya mtu.

Wakati wa kuagana shangazi yao alinikumbatia muda mrefu kuliko desturi, mkono mmoja mgongoni, wa pili tumboni, akipapasa.