Pete ya Karati Mbili na Kidole cha Mtoto wa Watu

Sikulia. Naanzia hapo maana ndipo uongo ulipoanzia. Jamaa yangu, ambaye Jumamosi alikuwa MC kwenye shughuli yangu ya kumvisha mchumba pete na Jumapili akageuka redio, ametuma sauti ndefu kwenye kikundi cha tuliosoma wote, na humo anasema nilibubujika mbele ya wakwe. Lile lilikuwa jasho. Sebule ya Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa pili, watu wamejaa mpaka kibarazani, feni moja, na mimi nimevaa koti. Sasa kwa kuwa nimeanza kupigiwa na watu ambao hata namba zao sina, chukueni habari kamili, muache kuungaunga.

Na nyie mnaoandika "si angeenda kwa sonara", tulieni. Nilikwenda.

Nilikwenda mjini, Mtaa wa Indira Gandhi, kwa mzee mmoja mwenye duka jembamba, mizani yake kaifungia kwenye kisanduku cha kioo ili upepo wa feni usiiguse. Nikamwambia nataka pete ya uchumba, ya almasi. Akauliza kidole namba ngapi. Nikasema cha mwanamke. Akanitazama kidogo, akatoa mkungu wa pete za chuma zenye namba, akaniambia mlete mwenyewe apime, na umlete jioni, kwa sababu kwa joto hili vidole vya asubuhi na vya jioni si vidole vilevile. Nikamwambia haiwezekani, ni sapraizi. Basi akanionyesha pete moja: dhahabu ya karati 18 (hapo ni usafi wa dhahabu), katikati kijiwe cha karati 0.15 (hapo ni uzito wa jiwe). Niliinama kukitafuta mpaka pua ikagusa kaunta. Milioni moja na laki sita.

Nikamwambia, tena kwa sauti, wateja wengine wapo: "Mzee, kwa hela hii si nanunua kiwanja Chanika?" Akacheka kwa upole, akarudisha pete mahali pake. Nikatoka nikijiona mjanja.

Usiku uleule nikaingia mtandaoni. Karati mbili! Dhahabu nyeupe, cheti chenye karatasi inayong'aa, kiboksi chenye kitaa kinachowaka ukifungua, usafiri bure. Laki mbili na elfu arobaini. Ilikuwa laki tisa, wameichora mstari mwekundu, na pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma: zimebaki pete mbili tu duniani. Nikajiambia masonara ndio wanaotupiga. Wana kodi ya fremu, wana mlinzi, wana chai ya mlinzi, vyote vinaingizwa kwenye kidole cha mchumba wangu. Kumbe kinachofanywa ni kukata watu wa kati! Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Kasoro yake ni kwamba almasi ya kweli ya karati mbili, ya kuchimbwa mgodini, ni fedha ya kununua gari la Noah na chenji ikabaki.

Kipimo nilikipata kwenye pete yake ya fedha, ile anayoiacha kando ya sinki. Nikaweka rula ya mwanafunzi kwenye tundu: milimita 17. Jedwali la muuzaji linasema namba 7 ni milimita 17.3, na 6 na nusu ni 16.9. Nikachukua 6 na nusu, ili isije ikalegea ikapotea. Sikujiuliza kwa nini pete hiyo kila siku iko kando ya sinki na haiko kidoleni.

Mzigo ukafika, na nikaupima kitaalamu. Nilisoma kwamba almasi halisi inazama kwenye maji. Nikaitumbukiza kwenye glasi, ikazama. (Hata kokoto inazama, najua, msinitumie.) Nilisoma pia kwamba inakwaruza kioo. Nikaichukua simu yangu ya akiba, nikakwaruza, ikakwaruzika vizuri sana. Kwa hiyo nilikuwa na uhakika, na sina tena simu ya akiba.

Sasa tuje Jumamosi.

Nimepiga goti. Kamera imewashwa. Mashangazi wamevaa sare ya kitenge cha zambarau, mama mkwe amekaa kwenye kochi kubwa. MC anasema "kimyaaa", watu wananyamaza. Nafungua kiboksi, kitaa kinawaka, chumba kizima kinasema "Aaah!" Namshika mkono. Naiingiza pete. Inapita ukucha, inapita kiungo cha kwanza, inateleza mpaka kwenye kifundo cha pili. Inasimama.

Nikasukuma kwa adabu. Imesimama. Nikaizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Mwenzangu anatabasamu kwa ajili ya kamera, lakini kwenye meno yaliyobanwa inatoka sauti ndogo: "Unaniumiza." Nami kwa meno yaleyale: "Kaza kidogo." MC kaona kuna tatizo, na badala ya kupiga muziki anatangaza, "Pete imefika mlangoni jamani, inabisha hodi!" Watu wakacheka. Vigelegele. Mwingine huko nyuma akaitikia, "Karibuuu!" Nimebaki nimepiga goti, naisukuma pete kwa kidole gumba, jasho linadondoka kwenye zulia la watu.

Ndipo shangazi yake, nesi mstaafu, akaja na mafuta ya alizeti kwenye kisosi. "Mwanangu, acha ubishi, paka." Tukapaka. Nikavuta pumzi, nikasukuma. Ikaingia! Nyumba ikalipuka. Na mimi nikapiga kelele, nikarusha mikono, nikaruka. Hiyo video mmeiona. Ile ya kuruka ndiyo naomba isifutwe, ni dakika pekee niliyoonekana mwanaume.

Akasimama mjomba wake kutoa neno. Huyu mzee kafanya kazi Mwadui, Shinyanga, miaka na miaka. Akaushika mkono wa mpwa wake, akalitazama jiwe, akatikisa kichwa, akaanza. Kwamba mgodi ule aliugundua Williamson, Mkanada, mwaka 1940. Kwamba mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu kabla ya kukatwa, ikabaki karati 23.6, na Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. "Na leo," akasema, sauti imeanza kutetemeka, "mkwilima wetu naye kafanya mambo ya Williamson." Makofi. Mimi nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nimeweka mkono kifuani kabisa.

Yeye anaongea, kidole kinavimba. Alipofika kwa Binti Mfalme kilikuwa chekundu. Alipofika kwangu kilikuwa kimegeuka rangi ya sare ya mashangazi, na pande zote mbili za pete nyama imetokeza kama andazi lililofungwa uzi. Mwenzangu hakutabasamu tena. Akaninong'oneza, "Baba, itoe." Nikadhani ananipa moyo. "ITOE!" Maikrofoni ya MC ilikuwa karibu.

Mafuta tena. Sabuni ya maji. Barafu kutoka kwenye friji ya soda. Shangazi akazungushia kidole uzi wa cherehani, ule ujuzi wa hospitali: unaubana uvimbe kwa uzi, unapitisha ncha chini ya pete, kisha unaufungua taratibu na pete inapanda. Ikapanda mpaka kwenye kifundo, ikakataa. Mwenzangu akataja majina yangu yote matatu, mpaka la babu. Mjomba akauliza kama kuna sonara ambaye hajafunga. Nikamjua mmoja tu.

Tulikwenda na Noah mbili. Mashangazi na sare zao, mama mkwe mbele, MC na spika yake ya magurudumu, mpiga picha naye kapanda, kwa sababu nilimlipa mpaka saa kumi na mbili. Tukajaa kwenye lile duka jembamba mpaka mlinzi akasimama. Mzee akainua macho kutoka kwenye kazi yake, akaangalia sare, akaangalia kidole, kisha akaniangalia mimi. Muda mrefu.

"Kijana wa kiwanja," akasema.

Nilitamani tiles zipasuke. Mama mkwe akauliza, "Kiwanja gani?" Hakuna aliyemjibu.

Mzee akatoa kikata pete: kijilimi chembamba anakipitisha chini ya pete kuikinga ngozi, juu yake kigurudumu cha meno, anakizungusha kwa mkono. Krii, krii, krii. Huku anakata anaongea, hamwangalii mtu. "Hii nyeupe ni ya juujuu. Ona." Kwenye mkato, chini ya weupe, kulikuwa na njano iliyokoza. Shaba. Akashika pande mbili kwa koleo, akapanua, na pete ilipofunguka jiwe likaruka. Likagonga kaunta, likadunda, likapotea.

Hapa ndipo naomba mnisome polepole, maana mimi naliona usiku nikifumba macho. Kila mtu akashuka chini. Mashangazi wamepiga magoti, mjomba anachungulia chini ya kabati, mpiga picha anamulika. Na mama mkwe, mama mkwe ambaye kwa mila za kwetu nikikutana naye njiani napita pembeni, yuko magotini mbele yangu, amepanga vidole sakafuni, ananitafutia jiwe. "Mama, inuka, tafadhali." "Niache, ni hela nyingi hii." Nikamjibu, "Ndiyo mama."

Mjomba ndiye aliyeliona. Akaliweka kiganjani, akaligeuza, akakunja uso. MC akamsogezea maikrofoni. "Mjomba, wewe wa Mwadui, unasemaje?" Mzee wa watu akakohoa. "Mimi nilikuwa stoo ya spea. Mawe yenyewe sikuwa nayaona."

Sonara akalichukua, akaliweka kwenye ile mizani, akafunga kioo. "Karati tatu na nukta tatu."

Nyie! Nilirudiwa na uhai. "Mzee, cheti kinasema mbili!" "Ndiyo." "Kwa hiyo wameniongezea!" Nikawageukia wakwe, nikafungua mikono. MC akasema "Makofi kwa mkwe!" na wakapiga. Duka la sonara, Jumamosi jioni, vigelegele vya sare ya zambarau, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni.

Mzee alisubiri tumalize. Akangoja hata shangazi wa mwisho. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole: "Kijana, jiwe la upana huu lingekuwa almasi, lingekuwa karati mbili kweli, gramu 0.4. Limezidi kwa sababu si almasi. Ni zirkonia, inatengenezwa kiwandani. Yenyewe ni nzito kuliko almasi."

Nikasema, kwa heshima zote, kwamba nilikwaruza kioo. Akasema na zirkonia inakwaruza kioo.

Akatoa kifaa cha kupimia almasi, cha mfano wa kalamu, kina taa kwenye ubavu. Akagusa kwanza kijiwe cha ile pete yake ya karati 0.15. Taa zikapanda zote, kikalia: piiip. Akagusa langu. Taa moja ya chini ikawaka. Kimya. Akagusa tena upande wa pili, nadhani kwa huruma tu. Kimya. MC alikuwa amesogeza maikrofoni kwenye jiwe, kwa hiyo hicho kimya tulikisikia kupitia spika.

Aliyeanza kucheka ni mwenyewe mwenye kidole. Kakaa kwenye stuli, mkono kwenye bakuli la barafu, duara la kijani limebaki kidoleni, anacheka mpaka anaegemea ukuta. Nikajua angalau uchumba upo. Akanyoosha mkono mwingine, ule mzima, kwenye kaunta, akaionyesha ile pete ndogo. "Hii bei gani, mzee?" Mzee akanitupia jicho. "Milioni moja na laki nane. Dhahabu imepanda." Lakini alimpima kidole, jioni, kwa mkungu wake wa chuma: anavaa 7 na nusu. Kukata hakunitoza.

Yaliyobaki ni haya. Tumerudi, pilau imeliwa imepoa. Muuzaji nimemwandikia, kanijibu na vimaua kwamba ananipa punguzo la asilimia 10 kwa oda ijayo. Jiwe amelichukua mtoto wa shangazi, anachezea. Nimeweka malipo ya kwanza kwa sonara, namaliza kidogo kidogo, na pole zenu mnazonitumia zikija na fedha sitakataa.

Leo mchana mshenga kanipigia kuhusu mahari. Kiasi hawajabadilisha, anasema wazee wana roho nzuri. Wameomba jambo moja tu: siku ya kupeleka, noti zitahesabiwa kwa mashine, ile ya benki yenye mwanga wa kutambua noti bandia, na mjomba amesema ya kwake ataileta mwenyewe.