Renjifainda ndogo ya dijitali: ukitoa bei na jina, kinabaki nini?

Itaje renjifainda ya dijitali, kamera unayoshika fokasi kwa mkono kupitia tundu la pembeni, mbele ya wapiga picha na majibu utayajua kabla hawajafungua mdomo. Kamera ya wenye hela, haina otofokasi (haijitafutii fokasi yenyewe), haina zumu, video hamna, halafu bei imechangamka kuliko kamera inayofanya hayo yote. Na mi sibishi hata moja, maana ni kweli tupu. Leica, wanaotengeneza renjifainda maarufu za M, waliweka video kwenye ile M240 ya 2012, ilipokuja M10 mwaka 2017 wakaitoa, na M11 ya 2022 ina megapikseli 60 lakini video bado hamna. Bodi peke yake, bila lenzi, inakula bei ya kamera ndogo za Fujifilm X100VI kadhaa, na X100VI inakuja na lenzi yake. Kwa hiyo kama tunashindanisha orodha ya vitu kamera inavyofanya basi kesi imeisha.

Ila orodha hiyo haigusi kabisa sababu ya mtu kuibeba hii kamera, na hapo ndo naona haitendewi haki.

Kwa kifupi tu kwa asiyewahi kuishika: tundu la kuchungulia liko pembeni, halipiti kwenye lenzi. Unaona mambo live kupitia kioo, mistari myeupe inakuonyesha fremu ya lenzi uliyofunga, na katikati kuna kidirisha chenye taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha lenzi mpaka taswira zikalaliana, umeshika fokasi. Basi.

Sifa inayotajwa sana ni kwamba unaona nje ya fremu, mtu anayekuja unamuona kabla hajaingia kwenye picha, na picha ikipigwa tundu halifungi giza kama kwenye kamera za DSLR, zile zenye kioo cha kuakisi ndani. Ni sifa ya kweli lakini si hoja ya kushinda kesi, kwa sababu X100 tangu ile ya kwanza ya 2011 ina tundu la kioo lenye mistari vilevile, na ina otofokasi juu yake. Mtu akikwambia ananunua renjifainda kwa sababu ya kuona nje ya fremu tu, mwambie aokoe hela yake.

Kinachonikera ni kwamba sifa kubwa zaidi haisemwi, nayo ni umbali. Chukua lenzi ya 35mm kwenye sensa ya fulfremu (saizi ileile ya fremu ya filamu ya 35mm), bana tundu la lenzi mpaka f/8 (namba ikipanda tundu linakuwa dogo), weka alama ya umbali kwenye mita 3. Kwa hesabu ileile iliyochongwa kwenye lenzi za zamani, kuanzia kama mita 1.9 mpaka mita 7 na kidogo kila kitu kinatoka kimeshika fokasi. Hapo huchungulii kutafuta fokasi, hungoji kamera iamue uso wa nani ndo muhimu, fokasi ilishawekwa kabla kamera haijafika jichoni, na ukibonyeza imepiga. Watu wanalinganisha kasi ya otofokasi kwa sehemu za sekunde wakati huyu mwenzao hana cha kutafuta.

Halafu kuna kile kipini kidogo chini ya lenzi, kile cha kuwekea kidole. Lenzi nyingi ndogo za M zinacho. Ukizoea lenzi yako kidole chenyewe kinajua, kipini kikiwa kimeangalia chini ni umbali fulani, kikisogea upande huu ni mbali, upande ule ni karibu, kwa hiyo mtu anakuja kwako na wewe unasukuma kipini kumfuata huku kamera bado iko kifuani na hata haijawashwa. Utaniambia na kamera nyingine unaweza kuweka umbali kwa mkono. Unaweza, ila kwenye nyingi ile ringi inazunguka bila mwisho, haina alama, na kipimo lazima ukisome kwenye skrini kamera ikiwa imewashwa, na baadhi ukizima na kuwasha fokasi imeshahama. Kidole hakiwezi kujifunza kitu kisichokaa mahali pamoja.

Sasa wapinzani wana hoja moja nzito sana hapa na sijui kwa nini hawaitumii, wanang'ang'ania bei tu. Ile hesabu ya mita 1.9 mpaka 7 ilipigwa enzi za filamu, kwa picha ya kuchapisha saizi ya kawaida na kuangaliwa kwa umbali wa kawaida. Leo una megapikseli 60 na umezoea kuivuta picha kwenye skrini mpaka uhesabu kope za mtu. Kipimo cha ukali ukikikaza mara mbili tu, lile eneo linabaki kama mita 2.3 mpaka 4.2, yaani mita tano na ushee zimekuwa mita mbili hivi. Unaweza kubana mpaka f/16 urudishe eneo lako, lakini hapo mwanga umepungua mara nne, na tundu la lenzi likiwa dogo hivyo mwanga unatawanyika na picha nzima inalainika, kwa hiyo ulichopata mkono wa kulia umekitoa mkono wa kushoto. Maana yake ni kwamba kadiri wanavyoongeza megapikseli ndivyo wanavyoipunguzia hii kamera kitu chake bora, na mtu anayelipia M11 ili apige kwa kukadiria umbali halafu aende kuikagua kwa kuivuta mwisho wa skrini anajitafutia presha bure. Ukiiangalia picha nzima, kama picha, hesabu ya zamani inafanya kazi mpaka leo. Ndo maana siwashangai wanaoshikilia M9 ya 2009 na megapikseli zake 18.

Udogo nao una gharama yake, na hii hutaikuta kwenye matangazo. Fokasi ya renjifainda inategemea nafasi kati ya madirisha mawili ya mbele, yakikaribiana na usahihi unapungua. Epson R-D1, ambayo ndo renjifainda ya kwanza ya dijitali, ilitoka 2004 na megapikseli 6, nafasi hiyo kwake ni milimita 38.2. Kwenye Leica M10 ni 69.25, na hata ukizidisha na ukuzaji wa tundu lake la kuchungulia, 0.73, bado unabaki na kama 50. Kwa 35mm hutaona tofauti. Funga 90mm ifungue mpaka f/2 upige mtu wa karibu, utaiona. Lakini hiyohiyo Epson tundu lake halikuzi wala halipunguzi, ni moja kwa moja, unapiga macho yote mawili yakiwa wazi na fremu inaelea tu mbele yako, na sijui kamera nyingine ya dijitali iliyonipendeza kuangalia kupitia kama hiyo. Pia ina wenzo wa kukokea shata (pazia la kamera) kila picha, kama vile kuna filamu ndani, hilo mi naliona ni mbwembwe tu.

Matatizo mengine nayapitia haraka kwa sababu yanajulikana na hayana utetezi. Lenzi nyingi zinaishia sentimita 70, karibu zaidi ya hapo renjifainda haikusaidii. Mistari ya fremu ni ya kukadiria, ukipanga vitu kwa milimita utaumia. Lenzi pana kuliko 28mm kwenye M nyingi unahitaji tundu la kuchungulia la ziada juu, ndefu kuliko 90mm ni mateso. Na udogo si wepesi, M10 ni kama gramu 660 kabla hujafunga lenzi.

Kubwa kuliko yote ni mtambo kuhama. Ndani ya bodi kuna mkono mdogo wenye gurudumu unaosukumwa na lenzi, ndo unaosogeza ile taswira ya pili. Kamera ikigongwa vizuri mkono unahama kidogo na wewe hujui, taswira zinalaliana vizuri kabisa na picha zinatoka fokasi iko masikioni badala ya machoni. Kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) inasoma fokasi kwenye sensa yenyewe kwa hiyo ugonjwa huu haina. Na lenzi zingine zinasogeza fokasi ukibana tundu la lenzi, jambo ambalo renjifainda haina namna ya kulijua. Kwa mpiga picha za harusi anayelipwa, tena anayetumia f/1.4 siku nzima, hoja hii peke yake inatosha kununua kitu kingine, na mi nisingemshawishi vinginevyo.

Kwa anayetembea na lenzi moja ya 35 au 28, f/5.6 au f/8, anapiga watu wakiwa kwenye mambo yao na hataki kamera ifikiri kwa niaba yake, huyo sidhani kama kuna kifaa kingine kinachomfaa hivi, na naona anasimangwa bure kwamba ananunua jina. Asichotakiwa ni kuanza na mpya. Lenzi za M za kuanzia 1954 zinaingia kwenye bodi hizi mpaka leo, kwa hiyo bodi ya zamani haikufungii njia.

Ukinunua ya mkononi kagua vitu vitatu. M9 uliza kama sensa ilishabadilishwa, maana kioo cha juu ya sensa ya mwanzo kilikuwa kinaoza na kuacha madoa, yanaonekana ukipiga anga tupu kwa f/16. M8 ya 2006 hakikisha inakuja na filta za UV/IR (za kuzuia miale isiyoonekana kwa macho), bila hizo nguo nyeusi za sintetiki zinatoka zambarau, Leica wenyewe walilazimika kuwagawia wateja filta mbili bure. Na yoyote ile, zungusha lenzi mpaka mwisho kwenye alama ya mbali kabisa, elekeza kwenye kitu kilicho kilomita moja na zaidi, uangalie kidirishani. Taswira zikipishana hata kidogo, toa gharama ya fundi kwenye bei kabla hujalipa.